Tiba ya umeme kwa mgonjwa wa skizofrenia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, na majibu ya infirmye wa Bukavu

Mimi ni infirmye, yaani muuguzi, mama wa Bukavu, nilisoma hapa hapa halafu nikafanya kazi miaka kadhaa ng'ambo ya mpaka kwenye servisi ya magonjwa ya akili ambapo walikuwa wanafanya ile tiba watu wanaiita shoki. Tangu nirudi hakuna wiki inapita bila ndugu wa mgonjwa kunisimamisha njiani, mwingine alinikuta soko la Kadutu nikichagua sambaza, akaanza moja kwa moja, "Mama infirmye, banasema mutoto batamupiga kuran, umeme, mu kichwa, njo kusema nini?" Vijana wanaosoma kazi yetu nao wana maswali yao. Nimeyaweka yote hapa pamoja, ya familia na ya wenzangu, sikuyapanga sana.

Hiyo shoki njo nini hasa?

Ni kifafa kifupi ambacho daktari anakiamsha kwa makusudi, mgonjwa akiwa amelala usingizi wa anestezi. Wanamwekea vibati viwili kichwani, umeme unapita sekunde chache, ubongo unaingia kwenye kifafa cha kama sekunde 20 mpaka 60, kinaisha, basi. Kinachotibu ni kile kifafa, si umeme wenyewe, na hapa watu wengi wanachanganya. Mwaka 1934 kule Budapest daktari Ladislas Meduna alikuwa anakiamsha kwa kafuri, bila umeme wowote, na wagonjwa wake walikuwa hawa hawa wa skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini mambo yasiyokuwepo. Umeme ulikuja mwaka 1938 Roma, kwa Ugo Cerletti na Lucio Bini, na mgonjwa wao wa kwanza alikuwa mwanaume mmoja aliyechanganyikiwa, polisi walimkuta anazurura stesheni ya treni.

Kila mwenye skizofrenia anafanyiwa?

Hapana. Wengi wanatibiwa kwa dawa, haloperidoli, klorpromazini, risperidoni, olanzapini, na kama dawa mbili zimejaribiwa kwa dozi nzuri na kwa wiki za kutosha bila matokeo, kuna klozapini. Shoki inafikiriwa pale dawa zimeshindwa, au pale hakuna muda wa kusubiri dawa, mtu anataka kujiua, mtu hali chakula, hanywi maji.

Halafu kuna katatonia, na hii nataka niiseme polepole juu huku kwetu njo inayopelekwa kwenye vyumba vya maombi kabla ya kufika hospitali. Mgonjwa anakaa kama sanamu. Unainua mkono wake, unauacha, unabaki juu hewani. Hasemi, hamezi hata mate, anajikojolea bila kushtuka, na familia inasema amerogwa au ameingiwa na pepo. Siwazuii watu kuomba, mimi mwenyewe naomba, lakini mtu asiyekunywa maji siku tatu figo zake hazisubiri mkesha uishe. Mara nyingi daktari anaanza na lorazepamu au diazepamu, na ikishindikana, katatonia ni moja ya hali ambazo shoki inajibu vizuri sana, nimeona mtu aliyenyamaza wiki tano anaomba chai baada ya seansi ya tatu.

Kitu kimoja: si dawa ya kumtuliza mtu mkorofi, wala si adhabu. Ukisikia mfanyakazi yeyote anamwambia mgonjwa "ukisumbua tutakupiga shoki", huyo apelekwe kwa shefu wa servisi siku hiyo hiyo.

Tuanzie wapi, hapa kwetu?

Kwa konsultasyo ya saikiatria, kwa daktari wa magonjwa ya akili. Bukavu kuna kituo cha SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu, Lubumbashi kuna kituo cha Joseph Guislain, zote tatu zimeanzishwa na Mabruda wa Upendo, Frères de la Charité. Daktari wa pale njo anasema kama tiba hii inahitajika na mgonjwa aelekezwe wapi. Usimpakie mtoto kwenye basi kwenda nchi jirani bila barua ya daktari na orodha ya dawa zote anazokunywa, hata zile za miti shamba.

Vipimo vyote hivi vya nini? Si ugonjwa wa akili tu?

Kwanza malaria. Malaria ya kichwani inaweza kumfanya mtu aongee ovyo na aone vitu kama saikosi kabisa, kwa hiyo TDR na gutepesi, vipimo vya damu vya malaria, kwanza, hata kama ana faili la miaka kumi la skizofrenia, maana mwenye skizofrenia naye anaumwa na mbu. Halafu daktari anataka damu, figo, sukari, moyo, mimba kwa wanawake, na kama aliwahi kuanguka akaumia kichwa. Uvimbe ndani ya kichwa, kiharusi au mshtuko wa moyo wa karibuni, hivyo vinaweza kuahirisha kila kitu.

Wenzangu, hii ni yenu. Mgonjwa wa katatonia aliyelala kitandani wiki nyingi, potasiamu yake ipimwe na mwambieni anestezisti, yule mtu wa kulaza usingizi, mgonjwa amelala kitandani muda gani, msiache agundue mwenyewe. Dawa ya kulegeza misuli, suksinilkolini, inaweza kupandisha potasiamu ghafla kwa mtu ambaye misuli yake haijafanya kazi muda mrefu, na moyo ukasimama. Angalieni na miguu, mguu mmoja ukiwa umevimba na una joto kuliko mwingine inaweza kuwa damu imeganda, semeni. Na ulizeni familia: kuna mtu kwenu aliwahi kulazwa usingizi wa operasyo akachelewa sana kupumua au akapanda homa kali? Jibu la "ndiyo, shangazi" linabadilisha dawa zote za asubuhi ile.

Nani anasaini, mgonjwa au familia?

Mgonjwa, kama anaelewa. Kuwa na skizofrenia si kukosa akili, wengi wanaelewa vizuri kabisa ukiwaeleza kwa lugha yao, Kiswahili, Mashi, Kirega, siyo Kifaransa cha kwenye karatasi. Akiwa hawezi kuelewa kabisa, daktari na familia wanafuata sheria ya nchi ile, na tunaendelea kumwelezea hivyo hivyo kila asubuhi. Na aliyesaini leo akikataa kesho, amekataa, karatasi ya juzi haimburuzi mtu mpaka chumbani.

Ugumu wa skizofrenia uko hapa. Kuna mgonjwa ambaye tayari anaamini kuna mashine ndani ya kichwa chake, kwamba majirani wanamrushia mawimbi usiku, sasa wewe unakuja kumwambia tutakuwekea waya kichwani. Usimdanganye ukasema ni sindano tu, atajua, na hatakuamini tena. Usibishane naye kuhusu ile mashine pia. Nilikuwa nafanya hivi: nampeleka chumbani siku moja kabla, hakuna mtu, namwacha aguse kitanda, aguse vibati, anaona mashine imezimwa na waya wa ukutani umechomolewa. Mmoja alizunguka ile mashine mara mbili, akainama akaangalia chini yake, akasema "Kumbe ni kadogo." Alisaini siku iliyofuata.

Kwa nini asile? Ni kumtesa na njaa tu

Juu ya usingizi. Ukilazwa na anestezi koo linalala nalo, chakula kilicho tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu, na hiyo inaua. Chakula ni masaa 6 kabla au zaidi, servisi nyingi zinasema kuanzia usiku wa manane ili wasihesabu, na maji matupu mpaka masaa 2 kabla kama anestezisti amekubali. Chai ya maziwa si maji. Uji si maji.

Nasema uji kwa sababu ulinitokea. Kulikuwa na mama, mama mzazi, gadimaladi, mwangalizi, wa mtoto wake wa kiume, amelala chini pembeni ya kitanda cha mtoto mwezi mzima, mtu mwema sana. Saa kumi na moja alfajiri akamnywesha kikombe cha uji wa masoso kwa huruma, akaosha kikombe, akakirudisha kwenye kikapu. Mimi naingia nauliza, amekula? Hapana. Mtoto hasemi chochote, ni katatonia. Nilichoona ni tone moja limekauka kwenye kola ya shati. Tuliahirisha, yule mama akalia akidhani nitamfukuza, na kosa lilikuwa langu, nilimwambia "asile" bila kumwambia kwa nini. Tangu siku hiyo naeleza sababu, namwomba gadimaladi anirudishie kwa maneno yake mwenyewe, na usiku vyakula vinatoka chumbani, hata vya jirani wa kitanda.

Dawa zake za asubuhi je?

Daktari ataandika ipi ibaki na ipi isubiri, usijiamulie. Kwa kawaida dawa ya tansio, ya presha, anaimeza na funda dogo la maji. Diazepamu na ndugu zake, na dawa za kifafa, zinazuia kile kifafa tunachokitafuta, kwa hiyo zinapunguzwa au kusimamishwa kabla. Litiamu inaweza kumchanganya zaidi akiamka. Mwenye kisukari, insulini yake inapangwa upya kwa kuwa hajala. Dawa za skizofrenia zenyewe nyingi zinaendelea, na klozapini ikichanganywa na shoki imesaidia watu ambao klozapini peke yake ilikuwa imewashinda.

Asubuhi yenyewe infirmye anamtayarisha vipi?

Nywele zioshwe jana yake, zikauke, bila mafuta wala pomadi, maana mafuta yanazuia umeme kupita vizuri na ngozi inaweza kuungua. Meshi na nywele za kushonea zenye pini au chuma zinatoka, mwambieni dada mapema, asije akafumuliwa saa kumi na mbili asubuhi na hasira zake. Verni ya kucha inafutwa angalau kidole kimoja, kile kifaa cha kupima oksijeni kinasoma hapo. Meno ya bandia, hereni, pete. Rozari shingoni usiikate wala kuichomoa kwa nguvu, omba, ifunge kwenye leso aione inakwenda wapi, kuna mgonjwa rozari ile njo inayomlinda na zile sauti na ukiitupa mezani umeanza siku vibaya.

Meno yake mwenyewe yaangaliwe, linalotikisika liandikwe. Akojoe. Tansio, pulsi, joto, oksijeni, uzito, mshipa ufunguliwe. Mwenye homa tunamwita daktari kwanza. Halafu unakaa naye. Hii haimo kwenye fishi yoyote lakini ile nusu saa ya kusubiri mlangoni njo mtu anapokimbia, au anaficha kipande cha mkate mfukoni.

Ndani kunatokea nini?

Anapewa oksijeni. Anestezisti anamlaza kwa propofoli, thiopentali au ketamini, kutegemea hali yake na kilichopo. Kabla ya dawa ya kulegeza misuli kuingia, tunafunga mkanda wa tansio kwenye kifundo cha mguu mmoja na kuujaza hewa, ili dawa isifike kwenye ule mguu. Baadaye mwili mzima umelegea, umetulia, na ule mguu peke yake unacheza, kidole gumba kinapiga-piga chini ya shuka, na mimi nahesabu sekunde kwa saa yangu ya mkononi. Ndugu wakitegemea kuona mtu anarukaruka kama kwenye sinema, hakuna, ni ule mguu tu.

Kipande cha mpira kinaingia katikati ya meno kabla ya umeme, hata kama misuli imelegea, sababu taya linabana kwa umeme wenyewe. Moyo unaweza kwenda polepole sana mwanzoni halafu ukakimbia na tansio ikapanda, kwa hiyo macho kwenye skrini. Kifafa kikipita dakika 2 kinasimamishwa kwa dawa, na mwenye jukumu la kusema kwa sauti "dakika moja... moja na nusu" ni mwenye saa.

Atasikia maumivu?

Amelala, hasikii. Baadaye kichwa, taya na misuli vinaweza kuuma, anapewa parasetamoli, na kichefuchefu kidogo.

Kuna mahali wanafanya bila usingizi. Ni bei rahisi zaidi. Tukubali?

Kataeni, na muondoke na mgonjwa wenu. Zamani walifanya hivyo kila mahali, watu walivunjika uti wa mgongo, mabega yakatoka, meno yakavunjika, na njo sababu anestezi na dawa ya kulegeza misuli zikaingia. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2005 kwamba tiba hii ifanywe kwa anestezi na dawa ya kulegeza misuli tu, na kwamba isifanyiwe watoto.

Muulize maswali haya bila aibu: anestezisti yuko? Oksijeni iko, na mashine ya kunyonya mate? Umeme wa SNEL, kampuni ya umeme, ukikatika jenereta inawaka yenyewe au mtu anaenda kuitafutia mafuta? Na frigo, maana suksinilkolini inatunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 mpaka 8, chupa iliyokaa kwenye joto siku nyingi nguvu zake zimepungua. Nilifanya kazi pahali frigo ya dawa ilikuwa na soda za wafanyakazi ndani, mlango unafunguliwa mara ishirini kwa siku, nikapigana nao miezi miwili, wakaniita mama frigo. Sawa tu.

Akitoka mle ndani, nani anabaki naye?

Infirmye, na haondoki. Tiba imechukua dakika chache, hii inachukua saa nzima au zaidi na njo penye hatari. Analazwa ubavu, mate yanatoka, oksijeni inaendelea, unaangalia kifua kinapanda kweli. Tansio, pulsi na oksijeni kila dakika 5 mwanzoni, kisha kila 15 mpaka ametulia. Vizuizi vya kitanda vimepandishwa.

Anaamka hajui yuko wapi. Wengine wanaamka kwa vurugu, wanataka kushuka, wanavuta serumu. Usimrukie, usimfunge kamba. Watu watano wakimshika kwa mara moja, yeye aliyekuwa anaogopa kukamatwa na maadui ameshapata uhakika. Mtu mmoja aongee, sauti moja ya chini: "Papa, uko hospitali, umeamka kutoka matibabu, mimi ni infirmye wako, mke wako yuko hapo nje." Unarudia. Unarudia tena, na hata mara ya kumi na mbili unarudia kama vile ni ya kwanza. Punguza taa, simu nje. Vurugu ikizidi mwite anestezisti, kuna dawa, na aandike ili seansi ijayo ijulikane.

Kula ni baada ya kuamka kabisa na kumeza maji kidogo bila kukohoa. Chai kwanza, bugali na sombe baadaye. Safari ya kwanza ya choo asiende peke yake. Akiwa anarudi nyumbani siku hiyo hiyo, arudi na mtu, na masaa 24 hakuna kuendesha pikipiki, hakuna kupika kwenye makaa peke yake, hakuna kusaini karatasi za kiwanja. Ndiyo, karatasi za kiwanja, nimeona shemeji amekuja na zake.

Atasahau? Hata sisi?

Kusahau kupo, nisiwadanganye. Asubuhi ile ya shoki mara nyingi inafutika, na mambo ya wiki au miezi ya karibu na matibabu yanaweza kupotea, na kushika vitu vipya kunakuwa kugumu kwa muda. Kushika vipya kunarudi kwa wengi ndani ya wiki chache baada ya seansi ya mwisho, lakini kuna kumbukumbu za kipindi kile ambazo hazirudi. Vibati vikiwekwa upande mmoja wa kichwa kusahau kunakuwa kidogo kuliko pande zote mbili, muulize daktari anapanga ipi.

Sisi tulikuwa na daftari la shule, lile la kawaida. Kila siku mstari mmoja: leo Jumatano seansi ya 4, umeamka vizuri, dada amekuja na mtoto, umecheka. Mgonjwa anasoma mwenyewe na mwandiko wa ndugu anaujua, kwa hiyo anaamini. Usimpime kama mwalimu, "unanikumbuka? ulikula nini jana?", anaona aibu na anaanza kudanganya.

Ni mara ngapi?

Mara 2 au 3 kwa wiki, jumla 6 mpaka 12 kwa wengi, na kwa skizofrenia wakati mwingine inafika hata 20. Akipona mapema hawamalizii hesabu kwa sababu tu mmelipa. Infirmye anaandika kila siku amelala masaa mangapi, amekula nini, sauti zimepungua au bado, ameoga mwenyewe? Hayo njo daktari anasoma kuamua kuendelea au kusimama.

Halafu dawa anaacha?

Haachi. Shoki bila dawa baadaye, ugonjwa unarudi, mara nyingi ndani ya miezi michache tu. Wengine wanapangiwa seansi moja moja za kuendeleza.

Anaweza kufa?

Ikifanywa na vifaa vyote, vifo ni kama 2 kwa kila seansi 100,000, karibu sawa na usingizi wa operasyo ndogo. Bila oksijeni na bila anestezisti hiyo hesabu haina maana yoyote.

Mwenye mimba?

Inawezekana, mimba peke yake haikatazi, ila daktari wa uzazi awepo kwenye uamuzi na mtoto aangaliwe kabla na baada.

Niandae nini siku ya kwanza?

Nguo nyepesi inayofunguka mbele, blanketi, sandali zisizoteleza, nguo ya kubadilisha kwani anaweza kujikojolea wakati wa kifafa na hataki kulala ndani yake. Termosi ya chai, inabaki kwa infirmye mpaka aamke. Daftari, na kwenye ukurasa wa kwanza uandike jina lako na wewe ni nani kwake, kwa herufi kubwa. Dakika zile za kwanza anaweza kukutazama akuulize wewe ni nani. Mjibu jina, ukae chini, umshike mkono, na usilie mbele yake, maana atafikiri kuna mtu kafiwa.